Wodi ya Wazazi Kabla ya Jumatatu

Jumamosi hiyo sikutaka kwenda popote. Nilikuwa nimetoka kupiga picha harusi mbili mfululizo, miguu imevimba, sura za watu wanaolazimishwa kutabasamu zimenikinaisha. Mjomba akanipigia simu saa moja asubuhi. "Jumatatu wanaivunja. Njoo unibebee begi." Yeye ndiye aliyenifundisha kamera. Huwezi kumwambia umechoka, maana atakuuliza umechoka na nini.

Jengo lenyewe lilikuwa hospitali, sasa mwaka wa kumi na mbili limefungwa. Mke wa Mjomba alifanya kazi ya ukunga humo maisha yake yote. Siku hizi yuko kitandani, hata kufika mlangoni ni safari, na aliposikia wanabomoa aliomba kitu kimoja tu: aione wodi yake ya wazazi kabla haijawa kifusi. Mjomba akaahidi kumletea picha. Na kwake picha ni ya filamu. Simu zetu alimwachia mlinzi getini, kama kawaida yake, eti zinatuzoesha uvivu.

Tulipanda ghorofa tatu polepole, kwa ajili ya magoti yake. Kila mlango alibisha, hata ule uliobaki fremu tupu. "Hodi!" Kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuitika, ilibidi niitike mimi: "Karibu." Zamani mchezo huo ulinichekesha. Siku hiyo, kufika chumba cha tisa, niliitikia puani.

"Mbona umenuna?"

"Sijanuna, Mjomba. Nimechoka."

"Umechoka na nini?"

Nikahamishia begi bega la pili.

Wodini vitanda vilishaondolewa, zimebaki alama za miguu yake sakafuni, safu mbili. Mizani ya kupimia watoto ilikuwa imeshika kutu mezani. Ukutani, juu ya sinki, mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: NAWA KWANZA, MANENO BAADAYE.

"Mwandiko wake huo," Mjomba akasema. "Hata mimi nyumbani ananiandikia hivyohivyo, kwa amri." Akacheka, kisha akasimama pale muda mrefu bila kupiga. Akasubiri mwanga wa dirishani utulie, akashusha pumzi, akabonyeza. Akasogea, akabonyeza tena.

Alipogeuka kunielekea, dirisha likiwa mgongoni mwake, ndipo nikaona. Kifuniko cha lenzi kilikuwa bado kimefungwa.

Kamera yake ni ya zile za zamani, ambazo kidirisha cha kuchungulia kiko pembeni na lenzi iko peke yake. Mpigaji anaona kila kitu vizuri huku lenzi imefumbwa. Nikaangalia namba ya picha juu ya kamera: alishapiga thelathini na nne. Vyumba vyote, ngazi zote, wodi nzima, hakuna kitu.

Alinifundisha mwenyewe: ukiona kosa, sema hapohapo, jengo bado lipo. Nilipokuwa mwanafunzi wake aliwahi kunirudisha kiwanda kimoja mara saba kwa sababu ya kivuli cha mkono wangu. Sasa ilikuwa zamu yangu kusema. Sikusema. Ningependa kudai nilimwonea huruma, au nilimstahi kwa umri wake. Si kweli. Nilijua nikifungua mdomo tutaanza upya, mlango kwa mlango, hodi kwa hodi, na mimi nilikuwa nataka kulala. Alipomaliza filamu nikachukua begi, nikamshika mkono kwenye ngazi, na mlinzi akafunga geti nyuma yetu.

Usiku usingizi wenyewe haukuja.

Jumapili saa nne asubuhi nikampigia. Nilijua tayari amesafisha ile filamu. Hajawahi kulaza kazi.

"Mjomba, zimetoka?"

"Zimetoka vizuri sana," akajibu upesi. "Usisumbuke kuja kuziona."

Miaka ishirini sijamsikia akisifu picha, si yangu, si yake. Nikataka kumwambia nilikiona kile kifuniko, lakini mkewe akaomba simu.

"Mwanangu, asante kwa kumsindikiza," akasema, pumzi ikimkatika. "Tangu alfajiri ananisimulia. Hata maandishi yangu ya sinki anasema yapo."

"Yapo, Mama. Nimeyaona."

"Ila hataki nizishike. Anasema bado hazijakauka." Akashusha sauti. "Hivi picha huchukua muda gani kukauka? Mbona kila akimaliza kunisimulia anarudi kujifungia chumba chake cha giza, hata sasa hivi ameniachia simu akarudi huko?"

Nikatazama nje. Jua lilikuwa bado halijafika utosini, na tingatinga zingekuja kesho.

"Hizo zinachelewa, Mama," nikamwambia, huku nikivaa viatu kwa mkono mmoja, begi langu la kamera tayari begani. "Mwambie jioni nitazileta mimi. Na mwambie nilikiona, nikanyamaza. Ataelewa."