Kamati Iliyoshindwa Kuvuka Mlango wa Wodi

Landrova ya kansili niliyoendesha mwaka wa sitini na nane ilikuwa na tabia za ng'ombe mzee. Ikifika chini ya mlima wa Manga inasimama kwanza, inatazama juu, inapumua, ndipo inaamua kama itapanda au la. Kuna kona moja pale, kali kiasi kwamba dereva akichungulia mbele anaona namba ya nyuma ya gari lake mwenyewe. Usiponiamini nenda ukapande. Barabara wameitengeneza siku hizi, lakini mlima hawajaupunguza.

Siku hiyo nilibeba Kamati ya Afya. Kamati yenyewe ilikuwa watu wawili na nusu. Wa kwanza ni mwenyekiti, diwani Alfayo, mzaliwa wa Manga, mwenye maduka Keroka na sauti ya kutisha ndege shambani. Wa pili ni diwani Nyamongo wa Masimba, mtu mpole, anayekubali kila jambo mradi amepewa kiti cha dirishani. Nusu ilikuwa Ouko, bwana afya, kijana kutoka pande za ziwa. Kazi yake ilikuwa kukagua vyoo na visima, na kura hakuwa nayo. Kwa sababu yake sote tuliongea Kiswahili garini, na Alfayo alikiongea kama mtu anayepasua kuni.

Tulimchukua Nyamongo kwake Masimba, tukafika Keroka. Alfayo akatushusha nyuma ya maduka yake, akatuonyesha nyumba mpya ya mawe.

"Hapa ndipo wodi ya wazazi itakaa," akasema. "Karibu na barabara, karibu na watu."

"Karibu na maduka pia," Ouko akasema.

"Mgonjwa hanunui sabuni, bwana afya?"

"Ananunua, mheshimiwa. Na vitanda je?"

"Vitatoka Manga. Wodi ya kule tunaifunga leo. Wanawake wanazaa nyumbani, vitanda vinalala peke yao. Lori litatufuata mchana huu huu kuvichukua, pamoja na tangi la maji."

Nilikuwa nakunywa chai. Nikaiweka chini kabla sijaimaliza.

Kwetu ni Manga, na mke wangu Kemuma alikuwa na mimba iliyokaribia kabisa. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kabla wodi ya Manga haijajengwa. Tulimbeba mama yake kwa machela ya miti mpaka barabarani tungoje gari la kwenda Kisii, na gari halikuja. Mtoto alizaliwa kando ya mtaro. Aliiona mvua, basi, hakuona kingine. Wodi ilipofunguliwa, Sista Bathsheba, mkunga wake, alimwapisha Kemuma kwamba wa pili atazaliwa juu ya kitanda. Ni kweli vitanda vingine vilikuwa vitupu. Wodi ilikuwa mpya, na kina mama wakwe walikuwa bado wanaipima kwa macho kama mtu anayepima ng'ombe wa jirani. Lakini Kemuma alikuwa ameshaamua. Hakuwa na mpango mwingine, na mimi sikuwa nao.

Alfayo alikula kuku mzima pale Keroka, akarudi garini, akalala. Tulipofika mto ulio chini ya mlima nikasimamisha Landrova.

"Kuna nini?" Nyamongo akauliza dirishani.

"Rejeta inachemka, mheshimiwa. Nateremka na debe."

Rejeta haikuwa imechemka. Niliichemsha kwa maneno.

Mtoni nilimkuta mama Mong'ina, shangazi ya baba yangu, anaosha viazi vitamu. Nikamwambia yote kwa Kigusii, upesi upesi: kamati iko juu pale, wodi inafungwa leo, lori liko njiani kubeba vitanda.

"Ni kina nani?" akaniuliza.

"Alfayo. Na Nyamongo wa Masimba. Na kijana mmoja wa ziwa."

Mong'ina akakisugua kiazi alichoshika. Kisha akacheka mpaka akakaa juu ya jiwe.

"Alfayo mwenyewe, wa ukoo wetu? Anakuja kuona vitanda vya wanawake wa Manga?"

"Ndiye."

"Hiyo rejeta yako ina kiu sana leo, mwanangu. Inyweshe polepole."

Akaviacha viazi majini, akafunga leso kiunoni, akashika njia ya mguu inayopanda moja kwa moja. Wapo wanaosema hakukanyaga chini. Mimi nasema alikanyaga, ila mara chache. Nikaleta debe la kwanza, nikaenda kuleta la pili, na la pili nikalimwaga njiani ili nirudi kuleta la tatu.

Tulipofika juu Sista Bathsheba alikuwa amesimama mbele ya wodi, eproni nyeupe, mikono nyuma. Mlangoni palikuwa na pazia la maua.

"Karibuni, waheshimiwa. Mmechelewa."

"Gari lilikuwa na kiu," Alfayo akasema. "Sista, hatutakaa sana. Tunaona ndani, tunatia sahihi, tunakwenda."

"Ndani ni hapo. Sijafunga."

Kuona ndani ilikuwa lazima, na lazima hiyo aliiweka Alfayo mwenyewe. Alipopata uenyekiti aliapa kwamba hakuna kituo kitakachofunguliwa wala kufungwa mpaka madiwani wa kamati wakikague ndani kwa macho yao, maana kamati iliyomtangulia iliwahi kukagua zahanati tatu kutoka meza moja ya baa. Watu walimpigia makofi kwa hilo. Lilikuwa jambo zuri, sikatai.

Akashika pazia, akalisogeza, akaingiza kichwa. Kichwa kikatoka haraka kuliko kilivyoingia. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akamkanyaga Nyamongo.

"Ndani kuna watu," akasema.

"Ni wodi, mheshimiwa," Bathsheba akajibu.

"Aliyelala kitanda cha kwanza ni mke wa mwanangu."

"Ndiye. Anaumwa mgongo."

Kwa wasiotoka kwetu, nieleze. Sisi tuna chinsoni, heshima iliyowekwa kati ya wazazi na watoto. Baba mkwe haingii mahali alipolala mke wa mwanawe, hata nyumba ikiwaka moto atasimama nje apige kelele tu. Na si mke wa mwana aliyemzaa yeye peke yake. Wanaume wote ambao ukoo unawahesabu kuwa wana wako, wake zao wote ni wakaza wana wako. Alfayo alikuwa mtu mzima wa ukoo wa Manga. Mwanamke yeyote aliyeolewa kwenye ule mlima alikuwa mkaza mwana wake. Alikuwa ameomba uenyekiti wa kukagua wodi moja duniani ambayo hangeweza kuitia mguu, na hakuwa amefikiria hilo hata mara moja, kwa sababu alikuwa anafikiria vitanda, hakufikiria walalaji.

"Nyamongo, wewe si wa ukoo wetu," akasema. "Ingia uone."

Nyamongo akashika pazia. Bathsheba akakohoa.

"Diwani, kitanda cha mwisho yuko binti yako, aliyeolewa hapa. Nikuambie mapema usije ukajikwaa."

Nyamongo akaliachia pazia kama limeshika moto. Baba na binti ni chinsoni ileile, tena kali zaidi. Akaenda akasimama chini ya tangi, akawa anasoma maandishi ya fundi yaliyopigwa kwenye bati.

Alfayo akamgeukia Ouko. "Bwana afya. Wewe ni wa ziwa. Hapa huna mkwe."

"Sina, mheshimiwa."

"Basi ingia, utuambie."

Ouko akaingia. Tukasikia sauti yake, kisha sauti za wanawake, kisha kicheko, kisha kicheko kikubwa zaidi. Alitoka anatafuna ndizi.

"Pamejaa, mheshimiwa," akasema. "Kila kitanda kina mtu. Kimoja kina wawili, wamelala miguu huku na huku."

"Wana mimba?"

"Mheshimiwa, mimi nilisomea mitaro. Matumbo hayamo kwenye cheti changu."

"Wanaigiza."

"Inawezekana. Ila uliniambia vitanda vinalala peke yao. Leo havikulala peke yao. Nikiulizwa Kisii nitasema hivyo."

Ndipo lori likafika, likapumua, likazima. Wachukuzi wawili wakashuka na kamba. Alfayo alipowaona akapata nguvu mpya, akasimama mbele ya pazia, uso ameugeuzia ukuta, akanguruma.

"Nyinyi mlio ndani. Mimi ni mwenyekiti wa Kamati ya Afya. Tokeni mmoja mmoja, mwende nyumbani. Vitanda ni mali ya kansili."

Kisha sauti moja ikaja kutoka nyuma ya pazia. Nilijua ni ya nani kabla haijamaliza neno la kwanza.

"Tata," Kemuma akasema, maana ndivyo tunavyomwita baba. "Tata, ni mimi mke wa Obwocha. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa kando ya mtaro na watu wanapita. Wewe ulikuja matangani, ulikula, ukasimama ukasema kansili itatujengea wodi ili jambo lile lisitokee tena. Nilikusikia. Nilikuwa nimelala nyuma ya ukuta, nikakusikia neno kwa neno."

Alfayo akausogelea ukuta.

"Leo niko juu ya kitanda ulichosema," Kemuma akaendelea, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Sitoki. Ukikitaka, ingia ukichukue wewe mwenyewe. Usimtume mtu."

"Ingia, tata," sauti nyingine ikasema. Ilikuwa ya mke wa mwanawe mwenyewe, mwenye mgongo. "Tumejifunika vibaya, lakini ingia."

Wakacheka wote. Mmoja wa wachukuzi akaenda kuchungulia, akamwona Mong'ina ameketi katikati ya wodi na mwiko wa ugali mapajani, akarudi. Akasema wataingia mwenyeji akiwatangulia.

Alfayo akanitazama. Nilijua ananitazama kwa nini. Mimi nilikuwa rika la waume wa wale wanawake. Wote waliolala ndani walikuwa wake wa ndugu zangu, watu ninaotaniana nao, na mmoja alikuwa mke wangu. Katika uwanja mzima ni mimi peke yangu wa ukoo ambaye chinsoni haikumzuia.

"Obwocha. Tangulia. Watoe, wachukuzi wabebe."

"Siingii, mheshimiwa."

"Nani anakulipa mshahara?"

"Kansili."

"Na kansili hapa ni nani?"

"Leo ni wao, naona. Ndio walioingia."

Nyamongo alicheka kule kwenye tangi, kisha akajifanya anakohoa.

"Toa ufunguo," Alfayo akasema. "Kuanzia sasa wewe si dereva."

Nikautoa mfukoni, nikampa kwa mikono miwili kama inavyotakiwa kumpa mtu mzima.

"Nyamongo, tia sahihi, twende," Alfayo akasema.

"Sahihi ya nini?"

"Kwamba tumeona ndani, wodi haitumiki."

Nyamongo akatoka chini ya tangi. Sijawahi kumwona mtu mpole akitembea polepole namna ile.

"Binti yangu amelala ndani," akasema. "Nikitia sahihi kwamba nimeona, nitakuwa nimesema mbele ya watu kwamba nilimwona binti yangu kitandani. Nitaingia kwangu Masimba na uso gani? Sitii. Na nyumba yako ya Keroka, Alfayo, itafutie wapangaji wengine."

Ilikuwa mara ya kwanza anakataa jambo. Alishangaa mwenyewe, alishika kofia yake kuona kama bado ipo.

Ufunguo Alfayo alikuwa nao, lakini ile Landrova ilihitaji uzungumze nayo kwanza, kisha uipige teke mahali fulani, na mahali penyewe sikuwa nimemwambia mtu. Dereva wa lori alijaribu, ikamtemea moshi. Basi lori lililokuja kubeba vitanda likambeba mwenyekiti peke yake, likateremka naye, kamba zimelala nyuma bila kufunguliwa. Nyamongo na Ouko walibaki wakala viazi, maana mtu alikuwa amekwenda mtoni kuviokota.

Kazi sikurudishiwa. Alfayo alisema angerudi, na wanawake walimwamini, kwa hiyo hawakuondoka. Walilala kwa zamu. Waliokuwa na mimba walibaki, wasiokuwa nayo walikuja na maharagwe yao ya kuchambua, wakatoka jioni wakaja wengine. Mama wakwe waliokuwa wanaipima wodi kwa macho walikuja kulinda, wakaona tangi, wakaona maji ya moto, wakaona Bathsheba anavyonawa mikono, na waliporudi nyumbani hawakuwa na la kupinga. Mimi niliteka maji mtoni kujaza tangi, maana lilikuwa kiangazi. Kansili haikunituma.

Alfayo alirudi mara mbili, kwa miguu, akaishia kwenye ua. Kila mara Bathsheba alimwambia, "Ingia, mheshimiwa, kagua." Alijibu kwamba anapita tu.

Uchungu wa Kemuma ulikuja asubuhi moja, ukaenda mpaka jua likageuka. Mtoto alikuwa amekaa vibaya. Nilikuwa nje na debe, na niliambiwa na wanawake wote kwa zamu kwamba nisiulize. Bathsheba alitoka mara moja, jasho likimtiririka, akasema lete maji, akarudi. Hakuniambia lingine, lakini nilielewa: kando ya mtaro, hawa wawili wasingepona.

Mtoto alipolia, Mong'ina alitoa kichwa kwenye pazia.

"Msichana," akasema. "Ana sauti ya diwani. Ingia basi, wewe unaruhusiwa."

Nikaingia. Kemuma alikuwa amelala kitanda kilekile, uso umechoka, mkono mmoja umeshika mtoto na mwingine umeshika chuma cha kitanda, na hakuwa amekiachia.

"Wameondoka?" akaniuliza.

"Nani?"

"Kamati."

"Hakuna kamati leo."

"Wakija waambie bado sijatoka," akasema, akafumba macho, mkono ukiwa palepale kwenye chuma.