Noti ya Tata Kazadi

Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyepiga chochote katika orkesta ya parokia yetu, hapa Kolwezi, kabla mimi sijatoa noti yangu. Ndiyo desturi ya orkesta popote: mpiga oboi anatoa noti ya la, anaishikilia, na wengine wanakaza au kulegeza vyombo vyao hadi walingane naye. Oboi ikisema hapa ndipo, basi hapo ndipo. Nilikuwa karani wa ghala huko Kingamyambo, mtu ambaye hata ufunguo wa choo cha ofisi hakukabidhiwa, lakini Jumapili fidla, tarumbeta na filimbi zote zilinisubiri mimi. Jambo hilo liliniingia kichwani kuliko nilivyojua.

Acha nieleze chombo chenyewe, maana bila hivyo hutaona ubaya wangu ulianzia wapi. Oboi, ambayo wengi hapa wanaiita kwa Kifaransa hautbois, ni ndugu ya zumari ya watu wa pwani. Ni bomba jembamba jeusi la mti, na mdomoni pake pana vipande viwili vya tete vilivyochongwa hadi vikawa vyembamba kama ganda la kitunguu, vikafungwa pamoja kwa uzi. Kati yavyo pana upenyo ambao ukucha haupiti. Unavibana kwa midomo, unapuliza, navyo vinapigana vyenyewe kwa vyenyewe haraka sana. Kupigana huko ndiko sauti. Ni kazi ya kutesa. Pumzi inabaki kifuani kwa kukosa pa kutokea, mpaka mpigaji anachoka kwa kujaa hewa. Tete ikiwa ndefu, sauti inashuka, ukiifupisha, inapanda. Tunazichonga wenyewe kwa kisu. Nilijaribu matete ya kandokando ya Lualaba, yakawa laini mno. Ninayotumia aliniletea padre mmoja kutoka Ulaya, na nayachonga kwa uchoyo.

Mwezi wa sita hewa ya Kolwezi hukauka hadi midomo inapasuka, na tete pia hupasuka. Kufikia sikukuu ya Petro na Paulo nilikuwa nimebaki na moja tu nzima. Tete haipigwi kavu, lazima ilowekwe. Asubuhi hiyo nilikuwa nimechelewa, kwa hiyo nilipopanda teksi-moto kutoka Musonoi niliitia mdomoni ilowe kwa mate njiani. Mtu mzima na mvi zake, juu ya pikipiki, kwenye barabara ya malori ya madini, na kitu kama kile katikati ya meno. Pikipiki ikaingia shimoni, meno yakagongana, ncha ikavunjika.

Nyuma ya sakristia nilitoa wembe nikakata palipovunjika, nikakwangua, nikajaribu. Ililia, lakini juu ya mahali pake. Sitajidanganya hapa: nilisikia vizuri kabisa. Siku nyingine kinanda cha umeme kingenisuta, ila umeme ulikuwa umekatika tangu juzi. Ningeweza kumwambia Modeste, kiongozi wetu, kwamba leo fidla itoe la. Nikaona haya kusema hivyo, na kwa kukimbia haya ndogo nikajitafutia kubwa.

Nikatoa la. Wakakaza. Kitenge, mpiga fidla wa kwanza, alikaza mpaka uzi wake mwembamba ukakatika, akafunga mwingine bila kuniangalia.

Siku hiyo ilikuwa ya Falonne. Ana miaka ishirini na miwili, anauza unga sokoni, na tangu Pasaka alikuwa anafanya mazoezi ya wimbo wa komunio ambao Modeste aliutunga kwa ajili ya sauti yake. Mwishoni mna noti moja ya juu iliyo kilele cha uwezo wake. Ukiipandisha hata kidogo, umemtoa nje. Mwalimu mmoja wa uimbaji alikuwa amekuja kutoka Lubumbashi kumsikiliza, na akipendezwa naye angemchukua akasome. Hayo yote niliyajua. Nilipuliza hivyo hivyo.

Alipofika kwenye noti ile, sauti ilimpasuka. Kanisa zima lilisikia, na benchi la mbele watu walicheka. Baada ya misa Modeste alimkemea mbele yetu sote, akasema hakujiandaa. Mgeni akaondoka na jina la msichana mwingine. Falonne akaacha kuja kwenye kwaya.

Nilikaa na jambo hilo wiki tatu. Wanasema mkubwa ni jalala, kila takataka hutupwa kwake. Mimi, mkubwa, nilikuwa nimemtupia mtoto wa watu takataka yangu. Mke wangu Ernestine aliniona sili, akaniuliza kama naumwa meno. Nilikuwa naona haya hata kufungua sanduku la oboi.

Jumamosi moja kwenye mazoezi nikasimama nikasema yote: pikipiki, wembe, la. Nilitarajia wanishangae, labda wanifukuze. Hakuna aliyeshangaa. Kitenge aliangalia viatu vyake. Nikawauliza mbona hawashangai.

"Tata, shiye bote tulisikia," Kitenge akasema. "Ni vile hatungeweza kukuambia."

Modeste naye akakiri, huku akipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma noti alipokuwa darasa la tano. Angewezaje kusimamisha misa amwambie mzee wake kwamba la yake imeharibika? Alimkemea Falonne kwa sababu ilibidi mtu akemewe, na msichana ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote. Maisha yangu yote nimependa kuheshimiwa. Siku hiyo nilionyeshwa ni nani aliyeumia kwa heshima hiyo.

Nilikwenda moja kwa moja sokoni. Falonne alinipa kiti, akaniita tata kama kawaida, na hilo likanichoma zaidi. Nikaanza kusimulia. Akanikatiza kwa upole.

"Minajua, tata. Nilisikia kwa la ya kwanza. Wakati Maestro alikuwa ananikemea, nilikuwa nakuangalia weye. Nilingoja. Weye ulikuwa unapangusa hautbois yako."

Ni kweli. Sikulitaja hilo mapema kwa sababu nilitumaini halikuonekana. Mtoto analia hatua tatu kutoka kwangu, na mimi napitisha kitambaa ndani ya bomba, polepole, kana kwamba ndiyo kazi ya maana kuliko zote duniani.

Nilimwomba arudi. Niliahidi kumwandikia yule mwalimu wa Lubumbashi, na nimemwandikia, hajajibu. Falonne alimpimia mteja unga, akafunga mfuko, kisha akasema kwamba atarudi siku ambayo mimi sitakuwa kwenye orkesta. Hakusema kwa hasira. Alisema kwamba akiniona pale, hawezi kuimba. Nikakubali, maana sikuwa na haki ya kujadiliana.

Jumapili ya pili ya mwezi wa nane niliketi benchi la nyuma, mikono mitupu. Kitenge akatoa la kwa fidla. Mungu anisamehe, jambo la kwanza nililofikiri ni kwamba la yake ilikuwa nyembamba. Halafu Falonne akaimba wimbo ule ule, na noti ya juu akaifikia bila hata kukaza shingo, akaishikilia mpaka watu wakaanza kugeukiana.

Mama mmoja mzee aliyeketi kando yangu akaniinamia sikioni. "Leo ameiweza, huyu mutoto," akasema. "Ile siku alituaibisha."

"Hata ile siku angeiweza, mama," nikamwambia. "Ni miye nilimuharibia."

Akaniangalia tangu kichwani hadi miguuni, akachukua mkoba wake, akasogea mbali nami.