Kutu ya Bunduki ya Kituruki

Zablon alikuwa na dharau ya kutosha watu wawili, na sehemu kubwa alimwekea tajiri yake. Abu Rakan alikuwa na jumba Al-Malqa, kaskazini mwa Riyadh, na ndani ya jumba hilo chumba kizima cha bunduki za kale zilizotundikwa ukutani kama picha za harusi. Hakuna hata moja aliyowahi kuipiga. Zablon, dereva wake na mlinzi wa chumba hicho, aliwahi kuwa mwanajeshi kwao Kenya, mtunza ghala la silaha kambini Nanyuki, na aliona kwamba mtu anayenunua bunduki ili aitazame ni afadhali angenunua saa ya ukutani. Saa ingemwambia japo wakati wa chai.

Hata maagizo ya kazi yalimtia kichefuchefu. Apanguse vumbi kwa kitambaa kikavu, basi. Mafuta asiguse, brashi asiguse. Abu Rakan hakueleza sababu, maana hakuwa na desturi ya kumweleza dereva jambo lolote. Zablon naye hakuuliza, maana hakuona cha kujifunza kutoka kwa mtu ambaye hata begi lake dogo hubebewa. Alijiambia tu kwamba bosi hajui silaha, na akaendelea kupangusa.

Ndipo ikaja bunduki ya Kituruki, ya enzi za askari wa Uthmani waliokuwa Hijazi, ambayo Abu Rakan alitaka kuiuza kwenye mnada Jeddah. Kabla ya kufika Al-Malqa ilikuwa imepitia Al-Sulay, kusini-mashariki mwa Riyadh, kwa fundi aliyeichongea sanduku lake la mbao. Abu Rakan aliichungulia humo sandukuni mara moja, jicho kwenye simu, akalifunga.

"Mthamini wa mnada akithibitisha kwamba ni ya asili, mimi nitafurahi," alimwambia Zablon. "Nikifurahi, nitaongea na dada yangu."

Zablon alielewa. Dada mtu, aliyeishi Jeddah, ndiye kafili, yaani mdhamini wa kibali cha kazi, wa mkewe Jerusha, aliyekuwa mfanyakazi wa ndani kwake. Mume Riyadh, mke Jeddah, wakionana tu bosi anaposafiri kwenda huko, tena wamesimama getini kama watu wanaoulizana njia. Zablon alikuwa ameomba mpaka akachoka kwamba Jerusha ahamishiwe Al-Malqa, ambako chumba cha wafanyakazi nyuma ya jumba kilikuwa kitupu. Sasa ahadi ilikuwa imetoka, na imefungwa kwenye bunduki moja.

"Iandae kwa safari," bosi alisema, akaenda kupanda ndege ya Jeddah.

Zablon alilifungua sanduku, akasonya. Chuma kimegeuka rangi ya chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Kitako kimeganda mafuta ya viganja vya watu waliokufa zamani. Kambini, askari akileta silaha ya namna ile kwenye ukaguzi angeizungusha uwanja mzima ameinyanyua juu ya kichwa, hadi atapike. Mthamini gani angepitisha uchafu ule? Na huo uchafu ndio umwache Jerusha Jeddah?

Akaleta msasa laini, mafuta na vitambaa. Alisugua kwa moyo wote, kwa mapenzi kabisa. Mtutu ukang'aa, kitako kikarudi rangi ya mbao mpya, akakipaka vanishi. Muhuri wa sultani uliochongwa kwenye chuma ulififia kidogo, hilo aliliona. Lakini muhuri ni pambo tu, alijiambia, bunduki haipigi kwa muhuri. Kisha akalipakia sanduku garini na kushika njia ya Jeddah, akiimba.

Alilala Kandara, mtaa wa Jeddah, kwenye chumba cha bei ya chini, asubuhi akavaa shati jeupe, akalifikisha sanduku kwenye ukumbi wa hoteli. Wanunuzi walikuwa wameshafika, wamejaa marashi. Mthamini alikuwa Ustadh Munir, mtu wa Beirut, mwembamba, amevaa glavu nyeupe. Zablon alipoziona zile glavu nusura acheke. Akasimama ukutani, akangoja sifa.

Ustadh Munir alifungua kifuniko. Aliinama na lenzi yake, akapitisha kidole juu ya chuma, akavua glavu zote mbili na kuziweka mezani.

"Kutu ile ndiyo iliyokuwa shahidi wangu," alisema kwa Kiarabu cha polepole. "Miaka mia moja haighushiki. Sasa imesuguliwa. Muhuri hausomeki, nambari zimelika. Huenda ni ya asili, huenda imeundwa juzi. Siwezi kuithibitisha."

Uso wa Abu Rakan ulisawijika. Alitazama watu, kisha sanduku.

"Ni fundi wa Al-Sulay," alisema. "Ilikaa kwake. Nitamfunza adabu."

Hapo Zablon alikuwa ameokoka. Bosi amekasirika, lakini hajamkasirikia yeye. Angenyamaza, siku zingepita, ahadi ingeombwa tena. Alilijua hilo vizuri, na mdomo alikuwa ameufunga. Lakini Ustadh Munir akaongeza, huku akifunga lenzi yake:

"Yeyote yule, ni mtu ambaye hajawahi kushika bunduki maishani."

"Ni mimi," Zablon alisema, na tayari alikuwa katikati ya ukumbi. "Mimi ndiye niliyeisafisha. Na nimeshika bunduki nyingi kuliko ulizowahi kuzichungulia na hicho kioo chako."

Usidhani alimhurumia fundi. Fundi hakumpitia hata akilini.

Ustadh Munir hakugeuka kumtazama. Alimwuliza Abu Rakan, "Huyu ni nani?"

"Dereva," Abu Rakan alijibu. Kisha akamwambia Zablon kwa sauti ya chini, "Halas, kazi imekwisha. Acha funguo za gari mezani."

Mchana Zablon alikwenda kwa miguu hadi geti la nyuma la nyumba ya dada mtu. Jerusha alitoka na kitambaa cha vyombo mkononi, akasikiliza yote bila kumkatiza.

"Baba Emmah, hebu ngoja. Bosi alikuwa ashamlaumu mtu mwingine?"

"Eeh. Fundi wa Al-Sulay."

"Na wewe ukaongea."

"Alisema sijawahi kushika bunduki. Mbele ya watu wote wale, Mama Emmah."

"Watu gani? Kuna hata mmoja anakujua jina?" Alikikunja kile kitambaa. "Nchi hii yote ni mimi tu nakujua. Na ni mimi hukunifikiria."

Madam aliita kutoka ndani. Jerusha aliingia na kufunga geti bila kuaga, na Zablon akabaki juani, kichwa kimejaa maneno mazuri sana ambayo angemjibu Ustadh Munir.