Zimamoto wa Ofisi ya Elimu

Ofisini walimwita Zimamoto, na yeye hakuchukia. Kibao cha mlangoni pake kilisema Afisa Uhusiano na Jamii, lakini hakuna aliyekuwa na pumzi ya kuyatamka yote hayo kila mara. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza: palipowaka, alipelekwa yeye. Paa la darasa limeezuliwa na upepo na wazazi wamejaa getini, Zimamoto huyo. Mwalimu kamchapa mtoto mpaka kalazwa, Zimamoto huyo. Mwanamke huyu alifika na miwani yake na sauti yake ya chini, akawaita wanaume baba na wanawake dada zangu, akasikiliza huku akitikisa kichwa kwa masikitiko, na alipoondoka moto ulikuwa umezimika. Paa lilibaki vilevile, lakini hilo halikuwa la idara yake.

Alikuwa na mbinu, na mbinu hiyo ilisifiwa mpaka makao makuu. Katika kila kikao cha wazazi hakosi mmoja mwenye mdomo, yule ambaye wengine wanamngoja aanze ndipo nao wapate ujasiri. Zimamoto alimtafuta huyo kabla ya kikao. Alimsalimia kwa mikono miwili, akamtoa kwenye mabenchi ya nyuma, akamkalisha meza kuu yenye kitambaa cheupe na chupa za maji, katikati ya wakubwa. Kisha akamwomba jambo dogo tu: mwishoni, kwa niaba ya wazazi wote, atoe neno la shukrani. Imekwisha hiyo. Mtu aliyepangiwa kushukuru atalalamika vipi? Anakaa pale shingo imesimama, amevishwa kilemba cha ukoka na hajui, na wenzake waliomtegemea wanabaki kumtazama mtu wao akinywa maji ya wakubwa.

Safari hii moto uliwaka mahali ambapo Zimamoto hakutaka kupelekwa. Katika shule ya mtaa aliozaliwa kulikuwa na darasa la watoto viziwi, chumba kimoja kando ya stoo, mwalimu mmoja, na watoto wasiojaza hata madawati. Ofisi iliamua kulifunga na kuwahamishia watoto hao kwenye shule ya bweni, mwendo wa kutwa nzima kwa basi. Miongoni mwao alikuwemo Kidoti, binti wa dada yake, mtoto wa miaka sita mwenye doa jeusi shavuni lililompatia jina.

"Uamuzi umeshapita," Mkurugenzi alisema huku akifunika kalamu yake. "Kilichobaki ni kuwashirikisha wazazi."

Ndivyo walivyosema pale ofisini miaka yote, kwa mpangilio huohuo, na hakuna aliyecheka.

"Yupo fundi cherehani mmoja," Mkurugenzi akaendelea, "nasikia ndiye anayewajaza wenzake maneno. Unamfahamu?"

"Ni dada yangu. Tumbo moja."

Mkurugenzi aliinua nyusi, kisha akatabasamu kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Basi kazi nusu umeshaimaliza."

Angeweza kukataa. Angeweza kusema, hapa pana damu yangu, mpelekeni mwingine. Lakini sifa zilikuwa zimemkolea, na aliogopa kuonekana ameshindwa mtaani kwao. Akajiambia yale ambayo watu wa kazi yake hujiambia: afadhali niende mimi mwenye uchungu na mtoto kuliko mgeni asiyejali. Ukimuuliza hata leo atakuambia aliyaamini, na huenda ni kweli, maana hakuna aliyewahi kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa kuliko alivyojipaka mwenyewe.

Dada yake alishonea barazani, cherehani imeelekezwa uani ili aweze kumwona Kidoti akicheza. Mtoto huyo huwezi kumwita, kwa hiyo mama mtu aliweka pembeni vipande vya vitambaa. Akitaka kumwita, humrushia kipande mbele yake, naye hugeuka. Kabla ya lile darasa kufunguliwa nyumba hiyo ilikuwa vita. Kidoti alijitupa chini, aling'ata watu, alilia mpaka sauti ikakauka, na hakuna aliyejua kama ana njaa au anaumwa sikio. Mwalimu alipokuja aliwafundisha watoto lugha ya ishara, na siku za mapumziko akawafundisha na akina mama. Tangu hapo kulikuwa hakukaliki kwa maneno. Kidoti aliongea kwa mikono wakati wa kula, akaongea akioga, akasengenya majirani. Zimamoto alialikwa mara nyingi naye akajifunze. Kila mara alisema wiki ijayo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Leo umekuja kama mdogo wangu au kama serikali?"

"Dada nawe! Nimekuja kunywa chai."

"Chai ipo. Serikali ndiyo sina pa kuikalisha."

Wakacheka, maana walipendana, na hilo lisisahaulike. Kidoti alikuja mbio, akazungusha vidole viwili jichoni kama miwani, ambalo ndilo jina alilompa mama yake mdogo, akamvuta mkono amwonyeshe mdoli aliyeshonewa.

"Ukimpeleka huyu bweni," dada mtu alisema, sasa hacheki, "akiumwa usiku atamwambia nani? Na akirudi atakuwa na maneno mengi ambayo mimi sinayo. Mimi nitabaki na haya ya darasa la kwanza. Nitakuwa nimemzaa mtu nisiyeweza kuongea naye. Hilo sikubali, waje na bunduki."

"Ndiyo maana nataka ukae meza kuu. Ukipiga kelele kule nyuma watasema ni fujo. Ukiwa mbele, unasikika. Na mwishoni utatoa neno la shukrani."

"Tunashukuru nini?"

"Kwamba mmesikilizwa."

"Hata kabla hatujasikilizwa?"

"Ni utaratibu tu, dada."

Fundi alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Niambie kitu kimoja. Kwani bado hawajaamua?"

Zimamoto alipuliza chai ambayo ilikuwa imeshapoa. "Wanakusanya maoni," alisema.

"Niapie."

"Mimi nikudanganye wewe, dada?"

Hakuapa, angalieni. Aliuliza swali tu, na dada yake, ambaye ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, aliona swali hilo linatosha.

Siku ya kikao dada mtu alivaa gauni alilojishonea mwenyewe na akakaa meza kuu, mikono juu ya kitambaa cheupe. Akina mama wenzake walibanana nyuma. Mkurugenzi alisema sana. Alisema juu ya huduma bora na mazingira rafiki, akawaita wazazi wadau.

"Wadau ndiyo nani?" mama mmoja aliuliza kwa sauti.

"Ni sisi, wakiwa na shida yao," mwingine akamjibu, na chumba kikacheka.

Ulipofika wakati wa maoni, mshereheshaji alichukua swali la mzee mmoja kuhusu vyoo, akachukua jingine kuhusu vyoo hivyohivyo, akatangaza kuwa muda umetutupa mkono. Macho ya akina mama yote yalikuwa mbele, kwa mtu wao. Fundi akanyoosha mkono. Zimamoto aliinama nyuma ya kiti chake, akamnong'oneza, "Wewe una nafasi yako mwishoni, dada. Waachie wengine." Fundi akaushusha mkono. Baadaye alisema kwamba kama kuna kitu anachokijutia duniani ni kuushusha ule mkono, na kwamba aliushusha kwa sababu aliyemnong'oneza alikuwa mdogo wake.

Nafasi yake ilipofika alisimama, akashika kipaza sauti. Alikuwa amekesha anayapanga maneno. "Tunashukuru wageni kwa kufika," alianza. "Lakini sisi wazazi tunasema darasa letu—"

"Ahsante sana!" Mshereheshaji alikuwa amezoea. "Makofi kwa mwakilishi wetu! Makofi, makofi!" Wageni wakapiga makofi, Mkurugenzi akasimama, akamshika mkono Fundi kwa mikono yake yote miwili, mpiga picha akapiga. Sala ya kufunga ilishaanza, na Fundi bado mdomo u wazi.

Wiki iliyofuata tangazo lilibandikwa getini mwa shule. Lilisema kwamba baada ya mashauriano na wazazi, kupitia mwakilishi wao, imeafikiwa darasa lihamishwe. Juu yake iliwekwa ile picha. Ukiitazama ungeapa kuwa Fundi anacheka.

Mtaa haukumngoja ajieleze. Mama mmoja alikuja kuchukua gauni lake likiwa bado na pini, akaondoka nalo hivyohivyo, pini na yote. Mwingine, ambaye watoto wao walikaa dawati moja, alisimama barazani akamuuliza wale aliokaa nao meza kuu wamempa nini. Fundi hakujibu, maana angejibu nini? Kwamba aliuzwa na mdogo wake? Hilo nalo angelisema vipi barabarani, damu yake mwenyewe? Akanyamaza, na kunyamaza kwake kukachukuliwa kuwa ndiyo jibu.

Zimamoto alipiga simu, haikupokelewa. Ofisini Mkurugenzi alimtaja mbele ya wafanyakazi wote kuwa mfano wa kuigwa, na yeye akasimama, akacheka, akapokea. Kisha akaingia chooni akafungua bomba ili asisikike analia. Aliona aibu, na aibu hiyo ilikuwa ya kweli. Ila hakuwahi kurudi ofisini kwa Mkurugenzi akasema neno.

Asubuhi ya basi alikuwa getini kwa sababu alipangiwa kuwa pale. Ofisi ilitaka makabidhiano ya amani. Baadhi ya wazazi hawakuleta watoto kabisa. Fundi alimleta wake. Alikuwa amefikiri mpaka kichwa kikamuuma: abaki naye nyumbani bila mwalimu, bila mwenzake hata mmoja wa kuongea naye, arudi kung'ata watu, au ampeleke mbali akapate maneno. Alichagua maneno. Alikuja na sanduku la bati na Kidoti aliyevaa sare mpya, jina limeshonwa ndani ya kila kola.

Kidoti alikuja akirukaruka. Alipoona watoto wengine wanalia wakipandishwa, aliganda. Akamng'ang'ania mama yake miguuni, akainua uso, mikono yake ikaanza kuuliza haraka haraka. Mama mtu alitaka kujibu. Aliinua mikono, lakini ilikuwa inatetemeka vibaya, vidole havishikani, na kwa mtoto yule hiyo ni sawa na mama aliyekaukiwa sauti. Kidoti akaanza kupiga kelele, ile sauti ya zamani iliyosahaulika nyumbani.

"Zimamoto," Mkurugenzi aliita kutoka kwenye kivuli cha ukuta. "Dereva anangoja."

Zimamoto alisogea. "Dada, mwambie kitu, apande."

"Mwambie wewe," dada yake alisema. Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia tangu kikao. "Si ndiyo kazi yako? Mwambie kwamba ni mpaka likizo. Mwambie kweli."

Akachuchumaa mbele ya mtoto. Kidoti akamwona, akazungusha vidole viwili jichoni, Miwani, akanyamaza kumngoja, kwa sababu huyu ni mama mdogo na kazi yake ni shule. Zimamoto alitafuta kichwani. Ishara ya likizo hakuijua. Miezi hakuijua. Hata kuomba radhi kwa mikono hakujifunza. Ilikuwa ya wiki ijayo. Angeweza kutikisa kichwa tu, akamkumbatia, akalia naye, na mtoto angejua kuwa jambo hili ni la kulia. Lakini Mkurugenzi alikuwa anatazama, basi linanguruma, na mikono yake ikafanya yenyewe kile ambacho mdomo wake umefanya miaka yote. Ikatafuta neno la kutuliza. Alimnyooshea mtoto kidole: wewe. Akalishusha jua: jioni. Akaunganisha vidole kama paa: nyumbani.

Kidoti alimtazama kwa makini. Akauliza, akionyesha mama yake: jioni, nyumbani?

Zimamoto akaitikia kwa kichwa.

Mtoto alifuta kamasi kwa mkono wa sare mpya, akacheka. Akapanda basi mwenyewe, bila kushikwa, akaenda kukaa dirishani. Kule kivulini Mkurugenzi aliinua kidole gumba.

Basi likawashwa taa, likaanza kujivuta. Kidoti alibandika uso kwenye kioo, akamtafuta mama yake kwa macho, akamwuliza na yeye, ili awe na hakika: jioni, nyumbani?

Fundi alikuwa ameona kila kitu. Alisimama pale, na dirisha linasogea, na mtoto anangoja jibu, tayari anaanza kuacha kucheka. Akainua mikono. Safari hii haikutetemeka. Jioni, akajibu. Nyumbani.

Basi likakata kona. Wazazi walitawanyika mmoja mmoja. Zimamoto alitaka kumshika dada yake bega, mkono ukaishia njiani.

"Kazi unaijua," Fundi alisema, macho bado barabarani. "Sasa hiyo jioni, njoo ukae barazani umngoje."

Akaondoka.