Ripoti Iliyosomwa Nusu

Lenny, kifungua mimba wangu anayeishi Syokimau, alisoma ripoti ya maabara kwenye simu, akafika Kola Jumamosi na wadogo zake wawili. Uvimbe niliotolewa kwenye titi ulikuwa saratani, gredi ya tatu. Alisema hivyo macho yakiwa chini. Kabla chai haijachemka walishanipangia kila kitu: dawa kali zisinitese bure, nipumzike nyumbani, padre aje kunipaka mafuta.

Mimi huyo nilikuwa nimetoka kupalilia ndengu. Nilikasirika, sifichi. Nimzike mume, nisomeshe watoto watatu, halafu nipangiwe kufa na watu niliowafunga nepi?

Jumatatu nikashuka Machakos peke yangu hadi hospitalini, nikamuulizia aliyeandika ripoti ile. Karani akasema daktari wa maabara haonani na wagonjwa. Nikaketi kwenye benchi mlangoni pake. Saa saba Daktari Mwanatumu akatoka kwenda kula, akanikuta.

"Daktari, nataka kujua niko na siku ngapi."

Chakula akakiahirisha. Aliniingiza ndani, akaniwekea kioo chenye kipande cha uvimbe wangu chini ya hadubini, nichungulie.

"Hizi ndizo seli zako, mama. Hazifanani tena na za kawaida, na nyingi zinajigawanya. Ndiyo maana niliandika gredi tatu. Ni kali, zinakua haraka."

"Basi watoto wamesema ukweli."

"Nusu yake. Gredi ni ukali. Mahali ugonjwa umefika tunaita stage, na hiyo ni kitu ingine. Uvimbe wako ulikuwa sentimita moja na nusu, na tezi za kwapa tulizopima zote ni safi. Hiyo ni stage ya kwanza. Kwa vile ni kali, usichelewe kuanza dawa. Lakini wewe si mtu wa kurudishwa nyumbani kupumzika."

"Hayo umeyaandika?"

"Yako ukurasa wa pili."

Nikaomba nichapiwe. Jioni nikaziweka karatasi mezani mbele ya Lenny, aliyekuwa bado kwangu Kola.

"Soma ukurasa wa pili. Kwa sauti."

Alisoma. Alipofika kwenye tezi safi, akaurudia mstari.

"Digrii mbili," nikasema, "na karatasi mbili zimekushinda?"

"Nilifika kwa gredi tatu, mwaitu, mama yangu, nikashindwa kuendelea. Nilizima simu nikalia kwa gari."

Hasira yote ikaniisha. Tangu baba yake afe sikuwahi kumsikia akisema amelia, na nilimpenda siku hiyo kuliko nilivyoweza kumwambia.

"Alhamisi naonana na daktari wa dawa za saratani," nikamwambia. "Utanipeleka. Na kila karatasi watakayotupa utaisoma mpaka mwisho."

"Na nikiogopa tena?"

"Utasogeza kiti hapa, tusome wote."