Harufu ya Samli

Karakana ya bisi pale Kakuma ilikuwa na chumba kimoja, dirisha moja lililopigwa misumari ili harufu isipotee, na sufuria kubwa ambayo Akai aliikoroga kwa miaka mitatu. Kila asubuhi alimimina kwenye mafuta ya moto kimiminika cha manjano kutoka kwenye jerikeni, na bisi zikanukia samli. Kwenye jerikeni palichorwa moto, na kando yake mtu aliyepasuka nyota kifuani. Lokuruka, msimamizi, alieleza kwamba moto ni onyo kwa wavuta sigara, na nyota ni furaha ya mlaji.

Mwaka wa nne pumzi ya Akai ilinukia samli hata akiwa nyumbani. Mbuzi wake waliokufa kwa ukame wakaisikia, wakaja. Walifika jua likizama, wakalala mlangoni. Jirani alilalamika kwamba wameziba njia ya choo. Afisa wa mifugo aliwakagua meno, akasema wafu hawamo kwenye chanjo. Karakanani hakuna afisa aliyefika.

Akai alifurahi kuwaona, maskini, kisha akaumia. Mbuzi wale waliinuka kwa mluzi wake tu. Alikunja midomo, ikatoka hewa kidogo isiyo na sauti.

Daktari wa Lodwar alimwambia njia ndogo za hewa mapafuni zimeota makovu, hazitafunguka tena. Akamuuliza anavuta sigara ngapi.

"Sivuti. Mimi nakoroga bisi."

Fomu haikuwa na nafasi ya bisi. Daktari akaandika pumu.

Lokuruka alimpa pole na katoni ya bisi. Kazi akapewa Nyamal, mama kijana wa kambi ya wakimbizi. Akai alimngoja njiani, akamsihi afungue lile dirisha.

"Dirisha iko na misumari, mama," Nyamal akasema. "Na hii kazi nimetafuta mwaka mzima."

Mwaka ulipopinduka, Nyamal alikuja jioni moja akikohoa. Nyuma yake walitembea ng'ombe wa marehemu baba yake, wenye pembe ndefu, waliofia vitani Sudan Kusini. Kambini hapakuwa na pa kuwalaza.

Akai aliwasogeza mbuzi wake kwa mkono, mmoja mmoja, akipumzika kila baada ya watatu.

"Ejok," akamsalimu.

Nyamal alivuta pumzi kwanza, ndipo akaitikia. Ng'ombe wakalala. Asubuhi Nyamal akaamka mapema, akaenda kazini.