Usiku Ambao Rais Hakulala

Kwenye ukuta wa nyumba yetu ya ukoo, hapa Ohio, Marekani, kuna kibao cha shaba: RAIS ALILALA HAPA. Ng'ambo ya barabara, jirani yangu Verlin Stroud naye kabandika chake, kwa maneno yale yale. Rais mwenyewe ni yule ambaye hata sisi hatumkumbuki jina mpaka tusome maandishi madogo chini ya kibao. Mwaka wa ishirini na moja huu simsalimii Verlin, na sijuti.

Jumanne akaja binti wa makumbusho na shajara ya karani wa rais. Akatuketisha wote wawili barazani kwangu, akasoma: "Mheshimiwa hakulala popote katika mji huu. Mbwa mmoja alibweka mpaka alfajiri. Tumeondoka kwa hasira, bila hata kahawa."

"Umesikia, bibie Opal?" Verlin akanicheka. "Hakulala kwako!"

"Na kwako je, mzee mzima hovyo?"

Binti akatuomba tuving'oe vibao vyetu. Kisha Verlin akakohoa.

"Ukoo wetu umefuga mbwa tangu enzi hizo," akasema. "Tena wenye sauti."

"Thubutu! Babu wa babu yangu alikuwa nao watatu!"

Ijumaa nikabandika kibao kipya: MBWA WETU ALIMNYIMA RAIS USINGIZI. Kutazama ng'ambo, cha Verlin kilikuwa kimeshapigiliwa misumari, na chini yake amefunga mbwa wa ushahidi, anabweka.

Tangu siku hiyo, hata mimi silali hapa.